Kidole cha Zambarau Siku ya Kura

Mwaka ule tulikuwa na mambo matatu kwa mpigo: nyumba isiyo na paa, watoto watatu wasiosikia la mama, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi. Mtu mwenye akili timamu angeshughulikia moja, mengine yakasubiri. Sisi yote matatu tuliyarundika Jumapili moja.

Siku hizo Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga, mkoa wa Simiyu haujazaliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini na malori yao, wakapima na kulipa papo hapo, na kila aliyevuna vizuri alitaka mabati. Ghafla mafundi wa kuezeka wakawa watu wa kubembelezwa. Ulimwona mzee mzima na heshima zake akimfuata fundi sokoni, anambebea begi la misumari. Fundi wetu, mtu mpole, mrefu kama nguzo ya simu, alituambia waziwazi kwamba ana Jumamosi na Jumapili ile tu. Zikipita, tumsubiri baada ya Krismasi. Mume wangu akaitazama nyasi ya paa letu, iliyokuwa imeoza upande wa chumba cha watoto, akasema Jumapili inafaa.

"Jumapili ni kura," nikamwambia.

"Kura ni dakika tano, mama watoto."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hilo la dakika tano nililiweka moyoni. Kwake yeye labda zilikuwa dakika tano. Kwangu ilikuwa kura ya kwanza ya maana maishani, na nilikuwa na siri ndani yake.

Siri yenyewe ni hii. Tangu kampeni zilipoanza, kila mgeni aliyeingia kwetu mume wangu alimwambia, "Nyumba hii ina kura mbili," huku ananyanyua vidole viwili. Zote mbili alikuwa amekwisha kumpa mgombea ubunge mmoja, mtu aliyechunga naye ng'ombe utotoni. Hakuniuliza. Hakuwa mkali wala hakunitisha, hapana, alikuwa mume mwema na mpaka leo ni mwema. Ila ilikuwa haijampitia akilini kwamba kura ya pili ina mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekwenda kwenye mkutano wa mgombea mwingine, nimembeba mwanangu mgongoni, nikamsikia akizungumzia wanawake wanaojifungulia njiani. Binti yangu wa pili nilimzaa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, njiani kwenda hospitali, mume wangu akiwa mbele anawachapa ng'ombe na kulia. Nilisimama pale mkutanoni nikajua nitampa nani. Nilijua pia kwamba nisipofika kituoni siku ile, nyumba yetu itakuwa na kura moja tu, na hiyo ni ya rafiki wa machungani.

Jumamosi wakashusha nyasi yote. Kuta za matofali mabichi zikabaki wazi juu, na humo ndani ndimo vilimobaki vitu vyetu vyote: magunia ya mahindi, godoro, na cherehani yangu niliyoileta kutoka kwetu Kiloleli nilipoolewa. Sisi watano tukahamia banda la jikoni. Kenchi, mbao nene za kubeba paa, zilipanda siku hiyo hiyo, na mpango wa Jumapili ukawa rahisi. Mume wangu aende kupiga kura kituo kikifunguliwa, fundi aanze kupigilia papi, zile mbao nyembamba za kushikia bati. Mume akirudi anashika bati upande wa pili, maana bati moja linataka watu wawili, na mimi ndipo naondoka.

Mpango ulishikilia mpaka saa tatu asubuhi. Saa tatu binti yangu wa pili, miaka mitatu na mguu mmoja daima mahali alipokatazwa, akakanyaga kipande cha papi chenye msumari.

Hakulia mara moja. Alikaa chini, akautazama mguu, akanitazama mimi kuona kama jambo hili ni la kulia. Nilipopiga ukelele ndipo na yeye akaanza. Msumari haukwenda ndani sana, lakini nilikuwa nimeona watu wenye pepopunda. Nikaosha kwa maji ya chumvi. Kisha nikaenda kutafuta ile dawa ya zambarau tuliyokuwa tukiiita jivii, ambayo kila nyumba ilikuwa nayo kwenye kichupa kidogo, dawa ya vidonda, vya mdomoni na vya miguuni. Nilichambua pamba kidogo kutoka kwenye gunia la masalia, nikaichovya, nikamshika mguu. Aliponusa tu ile dawa akarusha teke. Kichupa kikapinduka, nusu ikamwagika kwenye unyayo wake, nusu nyingine ikanimwagikia mkononi. Hapo nilisema neno ambalo sitaliandika.

Mguu ulipofungwa kitambaa na kilio kikapungua, nikautazama mkono wangu. Vidole vitatu vya kushoto, kuanzia kidole kidogo, vilikuwa zambarau iliyokolea mpaka kwenye kucha. Na mimi nilikuwa nimepanga kwenda kituoni nikiwa msafi, na kitenge changu kipya, nywele nimesukwa tangu Ijumaa. Nikaanza kusugua. Nilisugua kwa sabuni ya mche, nikasugua kwa majivu, mwisho nikachukua mafuta ya taa kwenye koroboi nikasugua mpaka ngozi ikawasha. Zambarau haikutoka. Ilififia tu, ikabaki rangi ya mtu aliyekuwa na jambo vidoleni na akajaribu kulificha. Lakini hilo sikuliona wakati ule. Niliona nimejitahidi, basi inatosha.

Mume wangu alirudi saa nne, kidole chake kidogo kikiwa na wino mweusimweusi kwenye ukucha, anamwonyesha kila mtu njiani kana kwamba ni pete. Nikamkabidhi mabinti wawili, yule mkubwa wa miaka sita nikampa kazi ya kumlinda mwenye kidonda, nikamfunga mdogo mgongoni nikaondoka.

Kituo kilikuwa shule ya msingi, mwendo wa nusu saa. Foleni ilizunguka uwanja wa mpira mara moja na kuanza mara ya pili. Sijapata kuona watu wengi wamenyamaza hivyo wakati hakuna msiba. Wanawake wenye watoto wachanga tuliruhusiwa kusogea mbele, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniamkia vizuri kabisa kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akaniuliza habari za nyumbani, habari za ng'ombe, kisha akaniomba nikimaliza nimwazime mtoto wangu na yeye asogee. Nilimwambia mtoto huyu ananyonya, akiwa na njaa atamnyonya na yeye. Akasema hilo halimtishi, ameshanyonyesha tisa.

Saa nane nikaingia darasani. Msimamizi alikuwa mwalimu, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni. Pembeni, kwenye dawati moja la watoto, walibanana mawakala wanne, kila mmoja wa chama chake, magoti yamewafika kifuani. Tangu asubuhi, nilikuja kuambiwa, walikuwa wamebishania kila kitu, hata dirisha lifunguliwe au lifungwe. Nikatoa kadi yangu. Jina likaonekana daftarini. Karani akaniambia nionyeshe mikono.

Nikaionyesha.

Karani akavitazama vidole, akamtazama mwalimu. Wakala mmoja, mwembamba aliyevaa koti kubwa kuliko umri wake, akainuka kwenye dawati akaja akainama, akanusa mkono wangu. Alinusa kweli, kama anayenusa maziwa kuona kama yameganda.

"Mafuta ya taa," akasema.

Mawakala wote wanne wakatikisa vichwa kwa pamoja. Ikawa mimi ndiye jambo la kwanza walilokubaliana siku nzima. Kumbe maneno yalikuwa yamezagaa kwamba wako watu wanaopiga kura kituo kimoja, wanafuta wino kwa mafuta ya taa, wanakwenda kupiga kituo cha pili. Mimi sikuwa nimeyasikia, nilikuwa nawapikia watu wa paa.

"Ni jivii," nikasema. "Mwanangu amekanyaga msumari."

"Mtoto gani?" akauliza mwalimu. "Huyo wa mgongoni?"

"Huyo hata kutembea hajui, mwalimu. Mwingine. Yuko nyumbani."

"Na mafuta ya taa?"

"Nilitaka kuja msafi."

Nilijisikia nikilisema, na hata masikioni mwangu lilikuwa jambo ambalo mwizi angelisema. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hawezi kunipa karatasi mbele ya mawakala wakati wote wanapinga, akaniomba radhi, akaniambia nikae pembeni. Nikamuuliza itakuwaje nikimleta huyo mtoto. Akatazama saa. Akasema kituo kinafungwa saa kumi, nikiwa ndani ya uwanja kabla ya hapo atanisikiliza. Nikatoka, na watu wote wa foleni wakaniona natoka bila wino na macho yamejaa machozi. Nilimsikia mmoja akisema, "Wamemkamata huyo." Sijapata kuona aibu ya namna ile. Nililia njia nzima, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na mtoto mgongoni akalia kwa sababu mimi nalia.

Nilipofika, nusu ya paa ilikuwa na mabati na nusu ilikuwa mbingu tupu, na mbingu yenyewe upande wa ziwani ilikuwa imekuwa nyeusi. Mvua za kwanza huku kwetu hazitumi salamu. Mume wangu na fundi walikuwa juu wanapokezana bati, wanapiga misumari kwa haraka ya watu walioliona wingu.

Nikasimama chini nikamweleza mume wangu yote, nikiwa nimeinua uso. Mkono, mafuta ya taa, mtu wa koti, mwizi wa kura. Nikamwambia nataka mtoto nimpeleke, lakini hawezi kukanyaga, na mimi nina mdogo mgongoni, siwezi kubeba wawili nusu saa.

Fundi akasema pole pole, "Ukishuka, kaka, mimi peke yangu sishiki bati na kulipigilia. Na ile ni mvua."

Mume wangu akatazama lile wingu. Kisha akatazama ndani ya nyumba, kutoka juu, ambako yaliko magunia na godoro na cherehani. Nilijua hesabu anayoifanya, hata mimi nilikuwa naifanya. Na hapo ndipo hatia iliponiingia, kwa sababu yeye alikuwa hajui hesabu yote. Alidhani ni kura ya pili ya rafiki yake. Alikuwa anapima mahindi yetu na kura ambayo ingekwenda kuifuta ya kwake. Nikafungua mdomo nimwambie aache, abaki. Badala yake nikaikaza mbeleko ya mtoto mgongoni. Nilikuwa naitaka kura yangu, na siwezi kusema uongo kwamba niliitaka kidogo.

Akachomeka nyundo kwenye mkanda, akashuka ngazi.

"Mpe maji ya kunywa fundi," akamwambia binti mkubwa, "halafu msaidie kusogeza vitu vidogo upande wenye bati." Akamwinua yule mwenye kidonda, akamweka mabegani, mguu wa zambarau unaning'inia kifuani kwake. Tukaenda.

Alitembea kwa hatua ndefu, mimi nakimbia nyuma yake, upepo wa mvua unatusukuma. Mara mbili niliapa kwamba tukifika kwenye mti ule nitamwambia, na mara mbili tulipita mti. Binti yetu peke yake ndiye aliyekuwa na furaha. Alikuwa hajawahi kuona dunia kutoka juu namna ile, na alimsalimia kila mtu kwa mguu.

Tulifika imebaki kama nusu saa. Mwalimu akatukaribisha ndani sote. Mume wangu akamketisha mtoto juu ya meza ya karani, katikati ya daftari na makopo ya wino, akafungua kitambaa. Mawakala wanne wakainama juu ya unyayo ule. Ulikuwa zambarau kuanzia kisigino mpaka vidoleni, na tundu dogo jekundu katikati.

Mwenye koti hakuridhika upesi. Akamuuliza mtoto, "Nani alikupaka?"

"Mama."

"Alikupaka nini?"

"Dawa. Ikamwagika." Akafikiri kidogo. "Halafu mama akasema," na akalitaja neno lile, kwa sauti safi kabisa, mbele ya msimamizi wa kituo na vyama vinne vya siasa.

Mwalimu aligeuka akatazama ubao. Wakala mmoja akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mwenye koti akaniomba mkono wangu tena, akaomba na kidole cha mume wangu, akavilaza sambamba juu ya meza. Wino wa yule ulikuwa mweusi na umekaa kwenye ukucha tu. Rangi yangu ilikuwa imepita kati ya vidole mpaka kiganjani, ambako hakuna karani anayempaka mtu wino. Akaurudisha mkono wangu kwa heshima, kama mtu anayerudisha sahani.

"Mawakala, mna pingamizi?" akauliza mwalimu.

Hawakuwa nalo. Nikapewa karatasi.

Mahali pa kupigia palikuwa nyuma ya ubao mbovu uliofunikwa magunia. Niliinama pale na kalamu, na kupitia tundu la gunia nilimwona mume wangu amesimama, anamfunga mtoto kitambaa, jasho na vumbi la matofali usoni. Ningeweza kumpa zawadi ile, nani angejua. Lakini nikaukumbuka mkokoteni, na ng'ombe wasiotaka kwenda, na yeye mwenyewe analia. Nikaweka alama yangu nilipotaka kuiweka tangu mwanzo, nikakunja, nikatumbukiza. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa na rangi tayari, kwa hiyo karani akanichovya cha mkono wa kulia.

Matone ya kwanza yalitupata njiani, makubwa na ya uvuguvugu. Tulipofika uani ilikuwa inamwagika. Fundi, Mungu amweke, hakukaa kutungojea. Alikuwa amebomoa mlango wetu wa zamani kwenye bawaba zake, akaulaza juu ya kenchi pamoja na mabati mawili yasiyopigiliwa, akayagandamiza kwa mawe. Magunia yote alikuwa ameyakokota upande mkavu. Godoro lililowa pembe moja. Cherehani ilikuwa imefunikwa beseni, kazi ya binti yangu wa miaka sita, na yeye ameketi juu ya beseni ili lisiruke.

Tukajibana wote upande wenye bati. Hakuna kati yetu aliyewahi kukaa chini ya bati mvua ikinyesha. Nyasi huinyamazisha mvua, bati huitangaza. Mdogo alishtuka akaacha kunyonya, wale wawili wakaziba masikio na kucheka, na fundi alisema jambo ambalo hakuna aliyelisikia. Mimi nilikaa juu ya gunia na mwili wote ukalegea. Tulikuwa wakavu, mtoto ameacha kulia, kura imo sandukuni. Kesho yake ningempeleka zahanati akadungwe sindano, na alidungwa, na alipona. Kitu kimoja tu kilikuwa bado hakijasemwa.

Mume wangu akaja akakaa karibu nami. Akanisogezea mdomo sikioni, maana hakukuwa na njia nyingine ya kusikilizana.

"Hukumpigia mtu wangu," akasema.

Nikageuka nikamtazama. Hakuwa amekasirika.

"Umejuaje?"

"Ungekuwa unampigia yeye, ungeniambia nibaki juu ya bati, mahindi yasilowe."

Mvua ikazidi. Nikamsogelea sikioni na mimi, nikamuuliza kwa sauti kubwa, "Kama ulijua, kwa nini ulishuka?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Kwani kura ilikuwa yangu?" akasema.

Kisha akainuka kwenda kuangalia mahali maji yalipokuwa yakipenya chini ya ule mlango wa zamani, na mimi nikabaki juu ya gunia la mahindi na mwanangu kifuani, nalia kwa raha, na kelele za bati zikanisitiri.